Simsim ya Kujisagia

Maneno yote yalianzishwa na kaka yangu mkubwa, na aliyaanzisha akiwa ameshika chapati mkononi. Ilikuwa Jumapili mchana, tumekaa mezani kwangu hapa Kitengela: yeye, mume wangu na mimi. Mama alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba cha uani, ameligeuzia mgongo dirisha letu. Mlango ulikuwa wazi. Bila kugeuka akauliza, kwa lugha yetu, ni lini atarudishwa nyumbani kwake Busia.

Kaka akacheka. "Siku utakayojisagia simsim yako mwenyewe, Mama," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto, "siku hiyo nitakupeleka mimi mwenyewe na ufunguo nikukabidhi." Halafu akaendelea kula.

Nilimwona Mama akinyamaza kwa namna ninayoijua tangu utotoni. Alikuwa akitikisa mguu, akaacha kuutikisa. Mtu aliyelelewa na mwanamke yule na asijue kwamba hapo amechukua neno lako na kuliweka kama ahadi, basi mtu huyo alikuwa halelewi, alikuwa analishwa tu. Kaka hakuona chochote. Aliomba mchuzi.

Niseme Mama alifikaje kwangu. Alianguka jikoni kwake, nyonga ikavunjika, na kaka ndiye aliyemkuta sakafuni asubuhi alipopita kumsalimia akiwa safarini huko. Simdharau kaka kwa hilo. Alibeba mama yake mikononi hadi kwenye gari, na siku zote za hospitali alikuwa pale. Mfupa ukaunga. Mama akaanza kutembea na bakora. Ndipo kaka akaenda Busia, akaifunga nyumba yake kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye pete moja na ufunguo wa gari, akamleta Mama Kitengela. Kwake Nairobi ni ghorofa ya nne na ngazi ni nyembamba. Kwangu kuna ua. Mambo yakaisha hivyo. Mimi niliulizwa kwa simu wakati gari liko njiani limeshapita Nakuru, na Mama hakuulizwa kabisa.

Sasa, kwetu mama hali kwa mkwewe. Mwanamume aliyeoa binti yako humwangalii usoni, huketi naye, huli chakula cha nyumba yake, hulali chini ya paa lake. Si chuki. Ni heshima, na ina uzito wake. Kaka anaijua mila hiyo vizuri kuliko mimi; mama wa mke wake hajawahi hata kunywa maji kwake. Lakini ilipomfaa kusahau, alisahau. Mume wangu ni mtu wa Murang'a, kwao haya mambo hayapo hivyo, na yeye alimpokea Mama kwa furaha ya kweli, mikono yote miwili mbele. Mama akaitazama ile mikono, akatazama chini, akamwambia bakora yake, "Asante."

Tulimpa chumba cha uani chenye mlango wake, kwa hiyo paa tulilipatia dawa. Chakula hakikupata dawa. Nilipika, sahani ikarudi. Nikapika tena, ikarudi imefunikwa vizuri, kijiko hakijaguswa. Alikula ndizi mbivu, kwa sababu ndizi haijapita kwenye sufuria ya mtu. Alikunywa chai ya rangi kwenye kikombe alichokuja nacho. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, na gauni zake nilizipunguza kiunoni, halafu nikazipunguza tena. Kila nikitoa pini mdomoni nilikuwa nataka kulia, na kila nikitaka kulia nilikuwa nakasirika badala yake. Kaka alisema kwenye simu nimnunulie unga wa maziwa wa kopo, ule wa wagonjwa. Nikamwambia huo unga akanywe yeye.

Mbali na nguo zake na kile kikombe, kitu kimoja tu ndicho Mama alichotoa nyumbani kwake siku ile ya kufuli: mfuko wa simsim aliyoilima mwenyewe msimu wa mwisho kabla ya kuanguka. Aliubeba magotini safari nzima. Jioni ya ile Jumapili ya chapati, kaka alipokwisha kuondoka, aliniita uani.

"Nataka jiko langu," akasema. "Na jiwe."

Jiko lilikuwa rahisi. Nilimnunulia la makaa, na sufuria mpya ambayo haijawahi kumpikia mtu. Jiwe ndilo lililotutoa jasho. Kwa ujinga wangu nilianza kwa kumwonyesha blenda. Nilimwambia ni dakika moja tu, simsim inakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Akaizungusha mkononi, akafuata waya wake kwa kidole mpaka kwenye ukuta.

"Na hiyo stima ni ya nani?"

Bili ya stima inakuja kwa jina la mume wangu.

"Tena hiyo haisagi," akaongeza. "Inakatakata."

Mume wangu alipolisikia neno jiwe, uso wake uling'aa. Yeye ana lori, anabeba mawe ya kujengea kutoka kwenye machimbo ya huku kwetu na kuyapeleka kwa wanaojenga, na Kitengela nzima inajenga. "Mawe?" akaniuliza. "Mama anataka mawe? Si ungesema tangu Jumapili! Mimi niko na mawe mpaka ya kutupa."

Akaleta jiwe zuri ajabu. Lilikatwa na mashine, kona zimenyooka, na fundi wa machimboni alikuwa amelichonga bonde kidogo katikati, akatengeneza na lingine dogo la mviringo la kushika kwa mikono miwili. Mama alilizunguka kwa bakora siku nzima. Shida yake haikuwa sura ya jiwe. Zawadi ya mkwe hupokewa, alisema, ila zawadi ya mkwe hailiwi.

"Mama, jiwe haliliwi," nikamwambia.

Nilikuwa nimekosea, na nilijua nilivyokosea siku ya pili yake.

Simsim haitaki haraka. Mama aliimwaga kwenye maji, akaichota inayoelea polepole kwa kiganja, mchanga ukabaki chini. Alirudia na kurudia, akilalamika kwamba maji yetu ya kisima yana chumvi na yataiharibu. Akaianika kwenye leso juu ya meza, nami nikasimama kuilinda dhidi ya upepo wa Kitengela, upepo unaokuja na vumbi la udongo mweusi na la simiti na la mambo mengine ambayo hatuulizi. Alipoikaanga hakuniruhusu kushika mwiko. Alikaa kwenye kigoda, anakoroga, anasikiliza, na punje zilipoanza kuruka na kugonga kando ya sufuria aliitoa motoni papo hapo. Harufu ile! Niliacha kushona. Mume wangu, ambaye miaka yote alikuwa akiiita simsim grisi, alitoa kichwa dirishani akanusa, akakirudisha haraka alipokumbuka mkwewe yuko pale.

Akasaga. Kupiga magoti hakuweza tena, kwa hiyo tuliliinua jiwe juu ya matofali ili asage akiwa ameketi. Likaja vumbi la kijivu, kisha tonge, kisha mafuta yakaanza kutoka na tonge likalainika na kung'aa. Mama akatia chumvi. Akachukua kidogo kwa kidole, akakitia mdomoni. Nami nikachukua kidogo.

Ilikuwa kama kutafuna barabara. Jiwe letu la kujengea, lile lililonyooka kona, ni laini. Ndiyo maana mashine inalikata kama mkate, na ndiyo maana lilijisaga pamoja na simsim yetu. Mama alitema kwenye kiganja, akatazama.

"Mnanilisha nyumba," akasema.

Nusu ya mfuko ilikuwa imekwenda. Simsim ya mkono wake, ya shamba ambalo hakujua kama ataliona tena. Mimi nililia, nasema wazi, nililia kwa hasira nikiwa nimesimama katikati ya ua. Yeye hakulia. Aliwamwagia kuku, kuku wakadonoa, wakasimama wakatutazama kama tumewatukana.

Kaka akapiga simu jioni, na mume wangu kwa moyo wake mweupe akamsimulia yote. Nilimsikia kaka akicheka mpaka akakohoa. Aliponiomba nizungumze, akaniambia, "Basi, yameisha. Mwambie apumzike sasa. Ale chakula kama watu wengine."

"Hayajaisha," nikamwambia, nikakata.

Kuna mama mmoja wa Kimaasai anayetuletea maziwa kila asubuhi. Anatoka ng'ambo ya Isinya, upande wa Kajiado, juu ya bodaboda, madumu yamefungwa huku na huku, shuka lake limeingizwa vizuri asije akakamatwa na gurudumu. Mama alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu anasalimia kabla ya kufanya biashara. Alimfundisha Mama kuitikia kwa Kimaasai. "Takwenya," anasema, na Mama anajibu, "Iko," na wote wawili wanaridhika, ingawa baada ya hapo Kiswahili cha mmoja na cha mwingine kinakutana kwa taabu.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mama ameketi akilitazama lile jiwe. Akauliza, nikamweleza. Akaweka dumu chini, akalamba mabaki yaliyoganda kwenye bonde la jiwe, akatema pembeni, kisha akacheka kicheko kilichomfanya Mama naye acheke bila kutaka.

"Hii ni mawe ya nyumba," akasema. "Koko, bibi, hii haiwezi kusaga hata tumbaku. Kwangu iko korongo, maji ikienda inaacha mawe nyeusi, ngumu. Kuja uchague."

"Mwambie sitaki bure," Mama akanijibu. "Nitampa simsim."

"Mama, imebaki kidogo."

"Nimesema nitampa."

Tukaenda na lori siku ambayo halikuwa na kazi. Mimi niliketi katikati, kama ukuta, mkwe upande mmoja na mkwe upande wa pili, wote wawili wanaangalia mbele kama wanafanya mtihani. Tulipita Isinya, tukaiacha lami, tukaenda kwenye njia ya ng'ombe mpaka kwa mama wa maziwa. Korongo lilikuwa kavu. Mawe yalikuwa kweli meusi, yamelala kwenye mchanga, yamesuguliwa na mafuriko mengi ya zamani.

Mume wangu alikuwa amejifunza mambo. Alilisimamisha lori mbali, akaenda kukaa chini ya mgunga, akatugeuzia mgongo, akafungua gazeti.

Mama alichagua kwa kulamba. Sijawahi kuona hivyo kabla wala baada ya siku ile. Alilowesha jiwe kwa maji ya chupa, akachukua lingine dogo, akasugua moja juu ya jingine mpaka maji yakawa machafu, kisha akachovya kidole akaonja yale maji, akitafuta mchanga kwa meno yake ya mbele. Alitema, akasonga. Bakora, jiwe, maji, kidole, akatema. Mama wa maziwa alimfuata akimshikia chupa. Jua lilipanda. Mimi nilichoka kabla yake na nikaambiwa nikachokee kivulini.

Hatimaye alilipata. Alilionja mara ya pili, akalikalia.

Lilikuwa jiwe pana, lenye tumbo kidogo, zito la kuhitaji watu wazima wawili. Mume wangu na mzee wa boma walilibingirisha hadi kwenye lori huku Mama ameenda kando ili njia ya mkwe iwe wazi. La juu, lile dogo la kushika, alilichagua mwenyewe, akalifunga kwenye leso yake. Kwetu la chini linaitwa mama na la juu mtoto. Mtoto aweza kwenda popote, mama akishakaa haondolewi.

Kabla ya kuondoka, Mama na mimi tulikaribishwa ndani. Mama wa maziwa alitikisa kibuyu, akamimina maziwa ya mgando. Mama yangu akanywa. Akaomba tena. Aliyekuwa akinirudishia sahani zimefunikwa alikunywa kikombe cha pili kwa mtu aliyemjua kwa salamu ya mlangoni, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na usoni mwake nikaona rangi. Niliona wivu mkali kiasi kwamba nikakiweka chini kikombe changu kikiwa kimejaa. Aliniona.

"Hapa mimi ni mgeni," akaniambia polepole, kwa lugha yetu. "Mgeni anakula. Kwako mimi si mgeni na si mwenyewe. Niwe nani?"

Akaitoa simsim aliyoifunga kwenye kitambaa, akampa mwenye nyumba kwa mikono miwili.

Mume wangu alilijengea lile jiwe jukwaa dogo mbele ya chumba cha uani, kimo cha mtu aliyeketi, na simiti pembeni ili lisitikisike. Lile jiwe letu la kwanza, la kona zilizonyooka, aliliweka chini kabisa kwenye msingi, mahali pake panapostahili. Mama alikaa ndani mlango umefungwa mpaka kazi ikaisha. Kisha akatoka, akachora mstari kwenye vumbi kwa bakora, kutoka kwenye jukwaa la jiwe hadi kwenye ukuta wa jirani.

"Huku ni kwangu," akasema. "Mwambie mume wako huku asipite. Na wewe, ukija, piga hodi."

Hebu fikiria. Kiploti chenyewe ni futi hamsini kwa mia, hatimiliki tunayo, na mimi nikaanza kupiga hodi katika ua wangu. Watu wa nyumba ya nyuma walidhani nimechanganyikiwa. Jirani mmoja alinijia, akaniambia kwa siri kwamba wazee wakifika umri ule huanza hivyo, na iko dawa. Nilimwambia mama yangu ana akili kuliko kamati yao nzima ya ploti, na kwamba hata yeye, siku akitaka kuvuka mstari ule, atapiga hodi.

Jiwe jipya kwanza hulishwa kitu cha kutupwa. Mama alisaga mahindi makavu, akayatupa, akasaga tena, akayatupa, mpaka alipoonja na asipate hata chembe. Ndipo akaikaanga simsim iliyobaki. Alikaa mbele ya jiwe, miguu ameitanua, bakora ameilaza pembeni, na mtoto wa jiwe mikononi. Mabega yake yalianza kwenda na kurudi. Mwanzo ilikuwa taabu. Nilisikia pumzi yake kutoka kwenye mashine yangu ya kushona, nikakanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie. Nilikuwa nimekatazwa kusaidia. Halafu sauti ya jiwe ikabadilika. Ilikuwa kavu ikawa nzito, na nilijua bila kuona kwamba mafuta yametoka.

Hodi yangu iliitikiwa, "Karibu."

Alikuwa amepika kunde alizonituma nimnunulie kwa pesa yake mwenyewe, kwenye jiko lake, amezichanganya na simsim, na ametupasulia viazi vitamu. Akanipakulia. Tukala, yeye kwa sahani iliyojaa, mpaka akafikia kwenye rangi ya sahani akaipangusa kwa kiazi. Hakukuwa na mchanga. Ilikuwa laini, chungu kidogo mwishoni inavyotakiwa, na mimi niliyefikiri nakumbuka ladha ile nikagundua nilikuwa nakumbuka jina lake tu. Furaha niliyoipata siku ile sitaipunguza hapa kwa maneno ya adabu. Niliomba niongezewe, na mama yangu akaniongezea.

Gauni zake nikaanza kuzifumua.

Kaka alipokuja, Mama alihakikisha anafika wakati jiwe liko kazini. Simsim ya mfuko ilikuwa imekwisha. Hii niliinunua sokoni kwa pesa za sare, nikamwuzia Mama kwa kunde alizopanda kando ya ukuta wake, maana bure alikataa. Kaka akasimama kwenye mstari, akiwa na miwani ya jua, akataka kuvuka.

"Piga hodi," nikamwambia.

Alinitazama. Nami nikamtazama. Akapiga hodi.

Mama hakusema habari ya ufunguo. Alimaliza kusaga mbele yake, akakusanya kwa ukingo wa mkono, akampa kwenye kisahani na kiazi. Kaka akala. Miwani akaivua. Kwa muda alikuwa yule kijana aliyekuwa akiiba simsim kwenye chungu na kunisingizia mimi. Akapangusa kisahani kwa kidole, na Mama akamwongezea, na akapangusa tena.

"Umeona nimejisagia," Mama akasema.

"Mama, ile ilikuwa mzaha."

"Mimi sikucheka."

Kaka akaanza kueleza. Na ninataka kumtendea haki: alieleza vizuri. Alisema hawezi kusahau alivyomkuta sakafuni. Alisema alimgusa akadhani tayari amekufa. Alisema nani atakuwepo akianguka tena, na je, sisi tunajua alilala pale chini kwa muda gani akiita mtu? Hata mimi, na hasira zangu, hapo nilitazama pembeni.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulinibeba," akamwambia. "Sitakusahau kwa hilo. Lakini nikianguka tena, nataka nianguke kwangu."

"Nitafikiria," kaka akasema, na akainuka, na ufunguo ukalia mfukoni pamoja na ule wa gari. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwambia ahadi kwa mama si chapati ya kumega na kuacha. Hakugeuka. Ila alipopita mezani kwa Mama, huku akituambia atafikiria, aliichukua chupa ya simsim ambayo Mama alikuwa amemjazia kwa ajili ya wajukuu, akaenda nayo. Ufunguo akaenda nao, na chupa akaenda nayo!

Tulimngoja afikirie. Alifikiria mpaka mvua za kupandia zikakaribia. Simu zangu zikawa haziitikiwi, au zinaitikiwa na mke wake. Asubuhi moja Mama alipiga hodi mlangoni kwangu, yeye kwangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akiwa amevaa viatu vya safari na leso imefungwa kifuani na kitu kizito ndani yake.

"Mwulize mume wako," akasema akitazama chini, "kama lori lake linajua njia ya Busia."

Mume wangu, aliyekuwa sebuleni na amesikia kila neno, alinijibu mimi kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Mwambie linaijua. Na nimejaza mafuta."

Safari sitaisimulia. Nilikaa katikati kama ukuta. Mama alikaa dirishani, mtoto wa jiwe magotini, mkono mmoja juu yake.

Tulipofika, mume wangu alisimamisha lori nje ya boma, akazima injini, akageuza uso barabarani. Mkwe hakanyagi ua wa mama mkwe bila kuitwa kwa taratibu zake, na safari hii hakuhitaji kukumbushwa na mtu. Alikuwa na nyundo ya kupasulia mawe chini ya kiti. Alinionyesha kwa jicho tu. Nikamwuliza Mama kama niichukue.

"Hiyo ni ya mkwe," akasema.

Mlango wake ni wa mbao, umeliwa na mchwa upande mmoja, na kufuli la kaka lilikuwa jipya, kubwa, linang'aa pale kama meno ya bandia. Nilijitolea nivunje mimi. Akanipa bakora niishike. Akaitoa leso, akalishika lile jiwe kwa mikono miwili kama anavyolishika akisaga, akasimama kwa miguu yake, bila bakora, nyonga na yote, akapiga. Kufuli halikutikisika. Akapiga tena, na tena, sasa hakulenga kufuli bali pete iliyolishika, pale penye mchwa. Majirani walianza kutokea kwenye uzio. Mara pete ikang'oka na misumari yake, na kufuli likaanguka kwenye vumbi likiwa zima, bado limefungwa.

Alilisukuma kando kwa kiatu. Akaingia. Nilimsikia ndani akifungua madirisha, moja baada ya jingine, akikohoa vumbi, akiwasema panya. Alikaa sana. Kisha akatokea mlangoni, amejifunga leso upya, akatutazama wote tuliokuwa nje, mimi, majirani, na hata lile lori lililogeuza uso.

"Karibuni kwangu," akasema. "Mkwe apelekewe kiti pale alipo, nitampikia."

Nilikuwa nalia, na safari hii haikuwa hasira. Nikapanda ngazi ya mlango, na kabla ya kuvuka nikapiga hodi. Mama akanizuia kwa mkono.

"Kwanza mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie mlango uko wazi. Na ile chupa yangu airudishe."